Jiwe la inchi 9: hesabu ya visukuku vya Kwale

Jiwe la kujengea la inchi 9 lina kimo cha sentimita 23. Tumbawe kubwa la duara, lile ambalo wanasayansi huliita Porites, hukua karibu sentimita 1 kwa mwaka katika bahari ya joto kama yetu. Kwa hiyo jiwe lililokatwa ndani ya tumbawe la namna hiyo limebeba miaka kama 23 ya kazi ya viumbe wadogo waliokuwa wakijijengea nyumba ya chokaa. Fundi akipandisha kozi 12, ukuta unafika mita 2.76, na ndani yake mna ukuaji wa miaka 276.

Si kila jiwe litokalo timboni lina hesabu safi hivyo. Mengi ni mchanganyiko wa vipande vya matumbawe, makome, chaza na mchanga vilivyoshikana kwa muda mrefu hadi vikawa mwamba mmoja. Lakini huo mchanganyiko nao ni visukuku. Mtu wa Tiwi, Diani au Msambweni aliyelala katika nyumba ya mawe ya kukata amelala ndani ya visukuku, na msikiti wa kale wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, umejengwa kwa visukuku vivyo hivyo. Wakata mawe wa pwani ya kusini huona masalio mengi zaidi ya viumbe wa kale kwa siku moja kuliko wanafunzi wengi wa jiolojia kwa muhula mzima.

Sehemu kubwa ya mwamba huu, unaofuata ufuo hadi Shimoni na Wasini, ilikuwa hai miaka 125,000 hivi iliyopita. Matumbawe hayaoti nchi kavu. Ukiyakuta yamesimama mita kadhaa juu ya maji makuu ya bamvua, bahari ndiyo iliyokuwa juu. Kwa kulinganisha miamba ya namna hii katika pwani nyingi za dunia, watafiti wamekadiria kwamba wakati ule bahari ilikuwa mita 6 hadi 9 juu ya ilivyo leo, na dunia haikuwa na joto kubwa mno kuliko sasa. Mita 6 zinatosha kufunika sehemu kubwa ya ufuo wa Diani pamoja na hoteli zilizojipanga juu yake. Kisukuku, basi, kinatupa kipimo cha jambo lililokwisha kutokea hapa hapa, na kipimo hicho kinafaa kukaa mezani kwa kila anayeidhinisha ramani ya jengo la ufuoni.

Bahari hiyo hiyo iliwahi pia kushuka. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imejikusanya kwenye nchi za kaskazini na kusini ya mbali, maji yalikuwa karibu mita 120 chini ya yalipo sasa. Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Pemba haikuwa, kwa sababu mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Ushahidi wa Unguja unatoka katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, ambamo wachimbaji walikuta mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama wasiokuwapo tena kisiwani. Pundamilia haogelei kutoka bara. Alifika kwa miguu.

Mtoto yeyote aliyesoma hadi hapa angeuliza: na dinosaria je? Jibu ni fupi. Hakuna dinosaria aliyepewa jina kutokana na mfupa wa Kwale. Sababu zake zimo ndani ya mawe yenyewe, na ili kuzielewa lazima kwanza tuupime muda.

Chukua barabara ya Likoni hadi Lungalunga na uihesabu kuwa kilomita 100. Iwe miaka milioni 250, Likoni ikiwa leo. Kila kilomita ni miaka milioni 2.5, na kila mita ni miaka 2,500. Miaka 1,400 ya Uislamu inaisha kabla hujamaliza hatua ya kwanza. Mwamba wa matumbawe wa Diani uko mita 50 kutoka feri. Dinosaria wakubwa wa mwisho walikufa miaka milioni 66 iliyopita, na hapo umefika kilomita 26, karibu na Ukunda. Mijitu ya Tendaguru, nitakayoieleza, iko kilomita 60, mbele ya Msambweni. Lungalunga kwenyewe unakuta dunia iliyotoka tu kwenye msiba: miaka milioni 252 iliyopita spishi 8 hadi 9 kati ya kila 10 za baharini ziliangamia. Baada ya msiba huo ndipo dinosaria walipopata nafasi.

Kwale ina mawe kutoka ncha zote mbili za barabara hiyo. Ukipanda kutoka ufuoni kwenda Kinango, Samburu na Taru, unaacha matumbawe nyuma na kuingia katika mawe ambayo wanajiolojia wameyapa jina la Waduruma. Yamegawanywa katika matabaka manne, na majina yake ni ya vituo vinavyojulikana na kila dereva wa lori: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras. P. V. Caswell aliyaeleza yale ya upande wa Mombasa na Kwale katika ripoti ya jiolojia ya mwaka 1953, na ramani za siku zile bado zinatumika.

Tabaka la Maji ya Chumvi ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ni udongo mwembamba uliogeuka jiwe, unaopasuka katika bapa, na ndani ya bapa hizo walipatikana samaki. Mmoja wao ni Australosomus, samaki wa miaka milioni 250 hivi iliyopita. Jamaa zake wamepatikana Madagaska, na wengine hadi Greenland. Leo kutoka Diani hadi ncha ya kaskazini ya Madagaska ni zaidi ya kilomita 1,300 za bahari kuu. Zama zile hakukuwa na bahari hiyo. Madagaska ilikuwa imeegemea ubavu wetu, na ilianza kujitenga miaka kama milioni 165 iliyopita. Samaki mdogo wa jiwe kutoka kijiji cha kando ya barabara kuu ni shahidi wa nchi mbili zilizokuwa moja, na vilevile ni shahidi wa namna uhai ulivyojikusanya upya baada ya msiba ule mkubwa.

Juu ya hapo kuna mchanga mzito wa Mazeras, ndio uliobeba Milima ya Shimba. Ndani yake kuna magogo yaliyogeuka jiwe: miti ya jamii ya misonobari ambayo madini ya silika yaliingia katika mbao zake kidogo kidogo hadi mbao ikaisha na umbo likabaki. Miti hiyo ilisimama miaka kama milioni 200 iliyopita. Dinosaria walikuwapo duniani wakati huo, na misitu ya namna hiyo ilikuwa chakula chao.

Kwa nini basi magogo yabaki na mifupa isibaki? Mchanga wa Mazeras uliletwa na mito yenye nguvu. Chembe zake ni kubwa na kali. Mfupa ukiviringishwa katika mto wa namna hiyo husagika kabla haujafunikwa, na ukifunikwa, hewa na maji hupita katika mchanga huo wa chembe kubwa na kuumaliza. Gogo lina nafasi bora zaidi. Kisha baada ya Mazeras bahari iliingia. Mawe ya upande huu yenye umri wa mijitu ya Tendaguru ni tope la baharini, lile la kijivu la pande za Miritini na Changamwe, na humo hutoka amonaiti, jamaa wa kale wa ngisi wenye gamba la kujiviringisha. Yaani wakati dinosaria wa Tendaguru wakitembea Lindi, ukingo huu wetu ulikuwa chini ya maji. Anayetafuta dinosaria wa Kwale atafute Mazeras, na hata huko atafute mahali ambapo mto ulitulia na kuweka tope laini.

Bahati pia ina hesabu yake. Mwaka 2021 Charles Marshall na wenzake walikadiria kwamba Tyrannosaurus rex wote waliowahi kuishi walifika bilioni 2.5, na kwamba waliotufikia kama visukuku ni kama 1 kati ya kila milioni 80. Gawanya, unapata wanyama 31 hivi. Na hao ni wa Amerika ya Kaskazini, ambako kuna majangwa yaliyo uchi na watafutaji wa zaidi ya miaka 100. Kinango ina vichaka, mashamba ya mahindi na udongo mzito juu ya mawe, na watafutaji wachache mno. Kutoonekana kwa mfupa katika hali hiyo hakuthibitishi kwamba mfupa haupo.

Sasa gharama ya kupata visukuku. Mfano mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki uko kilomita 600 hivi kusini mwa Diani, kwenye pwani hii hii. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler alionyeshwa mifupa mikubwa kwenye kilima cha Tendaguru, nyuma ya Lindi. Nasema alionyeshwa, kwa sababu watu wa pale, Wamwera, walikuwa wakiishi na mifupa hiyo mashambani mwao. Vita vya Majimaji vilikuwa bado vinaichoma nchi hiyo. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa Wajerumani ulioongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig ulichimba hapo, na katika misimu mikubwa wafanyakazi wa Kiafrika walikaribia 500. Aliyewasimamia alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye macho na mikono yake ilitoa ardhini mengi ya yale ambayo Berlin ilijivunia baadaye.

Mzigo wote ulifika tani 225 hivi. Kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi ni karibu kilomita 60, na kila kitu kilibebwa na watu. Tukichukua kilo 30 kuwa mzigo wa pagazi mmoja, tani 225 ni mizigo 7,500. Zidisha kwa kilomita 60, unapata kilomita 450,000 za kutembea na jiwe kichwani, bila kuhesabu safari ya kurudi. Kutoka duniani hadi mwezini ni kilomita 384,000. Kila mara ninaporudia hesabu hiyo huona kwamba ni kosa kueleza Tendaguru kwa majina machache ya maprofesa, na kuwapitia wapagazi kwa sentensi moja.

Matokeo yanajulikana. Giraffatitan alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake leo mita 13.27, mfupa wa mkono wa juu peke yake mita 2.13. Hebu tazama mwaka: uchimbaji uliisha 1913, mnyama akasimama miaka 24 baadaye. Vita vilikuwa sehemu ya sababu, lakini sehemu kubwa ilikuwa kazi yenyewe ya kutoa mfupa ndani ya jiwe, kuunganisha vipande na kulinganisha. Mwaka 2007, karibu karne nzima baada ya mifupa kutoka ardhini, dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera. Masanduku yaliyobebwa kichwani bado yanatoa majina mapya.

Hapo ndipo ilipo gharama halisi ya visukuku, na ndipo watu wengi wanapokosea bajeti. Kuchimba ni sehemu ndogo. Tyrannosaurus anayeitwa Sue, aliyepatikana Marekani mwaka 1990, aliuzwa mnadani 1997 kwa dola milioni 8.36, na kila gazeti liliandika bei hiyo. Wachache waliandika kwamba kumsafisha kulichukua zaidi ya saa 25,000. Mtu mmoja anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, angehitaji miaka 12 na nusu. Tangu hapo minada imepanda wazimu: mwaka 2020 Tyrannosaurus mwingine, Stan, alifika dola milioni 31.8, na Julai 2024 Stegosaurus anayeitwa Apex akauzwa dola milioni 44.6. Naona bei hizo ni hatari kwetu. Zinamfundisha kijana wa Samburu kwamba jiwe lenye samaki ni la kuuzwa, ilhali samaki aliyeng'olewa bila mahali pake kuandikwa amepoteza karibu kila alichokuwa nacho cha kusema. Hatujui tabaka lake, hatujui jirani zake, hatujui umri wake.

Pwani yetu tayari imeonyesha namna kazi hii inavyofanywa vizuri. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, vipande vya kwanza vya mifupa midogo vilionekana mwaka 2013. Shimo la kaburi lenyewe lilifikiwa mwaka 2017, karibu mita 3 chini ya sakafu ya pango. Mifupa ilikuwa laini kiasi cha kuvunjika kwa kuguswa, hivyo bonge zima la udongo lilifungwa kwa plasta, likapelekwa maabara Nairobi na kisha Uhispania. Matokeo yalichapishwa 2021: mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa sasa yanayojulikana Afrika. Miaka 8 kutoka dalili ya kwanza hadi jibu, kwa mwili mmoja mdogo. Katika barabara yetu ya Lungalunga huyo mtoto yuko mita 31 kutoka Likoni.

Na wakati mwingine jibu linakuja kwa wavu. Silikanti alijulikana kwa visukuku tu, akidhaniwa alikufa pamoja na dinosaria, hadi mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2001 akavuliwa mwingine nje ya Malindi. Miaka iliyofuata wavuvi wa Tanga, majirani wa Vanga kwa upande wa kusini, wakawa wanawapata kwenye majarife yao ya papa, mmoja baada ya mwingine. Kwa sababu walisema walichokiona, mwaka 2009 Tanzania ilitangaza hifadhi ya bahari ya kilomita za mraba 552 kwa ajili ya samaki huyo. Hapakuhitajika msafara wa kigeni kuanza. Palihitajika mvuvi aliyeshangaa na mtu wa kumsikiliza.

Matumbawe yenyewe yanathibitisha jambo hilo hilo. Tumbawe moja lililotobolewa Malindi liliwapa watafiti, akiwamo Mkenya Nyawira Muthiga, kumbukumbu ya joto la bahari kuanzia 1801 hadi 1994. Ni miaka 194 kutoka kwa tumbawe moja, katika pwani ambayo vipimo vya kisasa ni vya juzi. Matumbawe ya miaka 125,000 yaliyomo katika matimbo ya Diani na Waa yana kumbukumbu za namna hiyo pale ambapo chokaa yake haikuharibiwa na maji ya mvua, na yanapita chini ya msumeno kila siku bila mtu kuyatazama.

Sisemi matimbo yafungwe. Watu wanajenga na watu wanakula kwa jasho la kukata mawe. Mahali pa kulindwa mwamba pameshalindwa na wazee wenyewe: msitu wa Kaya Kinondo umesimama juu ya mwamba huo huo wa matumbawe, na ulimwengu uliutambua pamoja na makaya mengine ya Mijikenda mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Ninachosema ni kwamba Kwale tayari imelipia hatua ya kwanza na ya gharama kubwa ya utafutaji, yaani kufungua ardhi. Matimbo yamefunguliwa. Mchanga wa titani ulichimbwa kwa zaidi ya miaka 10, kutoka shehena ya kwanza ya 2014 hadi mgodi ulipofungwa mwisho wa 2024. Reli ya SGR imekata mawe ya Duruma, na bwawa la Mwache linachimbwa Kinango. Kampuni ya madini huhesabu punje za madini ndani ya mchanga tundu kwa tundu, kwa sababu kila punje ina bei. Hakuna anayetembea nyuma ya tingatinga kuhesabu samaki.

Kaunti inaweza kuanza kwa vitu vidogo sana. Mwalimu mmoja wa sayansi katika kila wadi aonyeshwe bapa la Maji ya Chumvi na kipande cha mti-jiwe wa Mazeras, ili avijue akiviona. Mradi wowote unaokata mawe ya Duruma uwe na mtu aliyefunzwa wa kuangalia mkato ungali mpya, kabla mvua haijaula. Na sanduku moja la kioo mjini Kwale, lenye samaki, gogo na tumbawe, lingewafunza watoto wa Matuga na Msambweni mengi kuliko picha za dinosaria wa Marekani kwenye vitabu vyao.

Kwako wewe unayekata jiwe, unayechimba kisima au unayelima Taru: ukikuta samaki, jani, mfupa au gogo ndani ya jiwe, usilipasue na usiliuze. Liache mahali pake, lipige picha likiwa na kitu cha kuonyesha ukubwa wake, hata kiberiti, kisha andika jina la mahali na kina ulichofika. Peleka habari Fort Jesus, Mombasa, ambako Makavazi ya Kitaifa yana ofisi. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inakupa siku 7 kutoa taarifa hiyo.